Lubumbashi: Dola mbili zisizoonekana kwenye telefone, na walimu wa video wanaosahau kukuza picha

Bei ya kwanza ilitoka sawa. Zile 39 zilizofuata zote ziliandika sifuri.

Ilikuwa jioni, katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, kwenye duka la mama mdogo wangu anayeuza sabuni, mafuta, maziwa ya unga na vyakula vya makopo. Alikuwa na orodha ya bidhaa 40, bei zote kwa dola, na kila asubuhi alikuwa anapiga hesabu moja moja kwa mashini ya hesabu ili apate bei ya franka. Mimi nikajitia ujuzi. Nikamwambia nitamtengenezea orodha kwenye Excel, katika ordinatere ya mtoto wake. Yeye ataandika sehemu moja tu kiwango cha dola cha siku hiyo, kile wote tunachoita taux, na bei zote 40 zitabadilika zenyewe.

Sikuwa nimewahi kufanya kazi hiyo. Lakini siku hizi ni kitu gani kisichofundishwa kwa video? Nikanunua mega, nikatafuta somo, nikapata moja la Kiswahili safi, la mwalimu wa Tanzania mwenye sauti ya upole. Nikaegemeza telefone kwenye kopo la maziwa, pembeni ya ordinatere, nikafuata hatua kwa hatua. Mwalimu akasema: chukua bei, zidisha kwa kisanduku chenye kiwango, funga hicho kisanduku, halafu vuta hadi chini. Neno "funga" lilipita upesi. Nikarudisha video nyuma mara tatu. Niliona mshale mweupe, niliona kitu kinachezacheza juu ya jedwali, ila sikuona ni nini kilichobadilika.

Kilichobadilika ni hiki. Mwalimu alikuwa ameandika =B2*F1. Kisha akabonyeza F4 kwenye klaviye, na ile formula ikawa =B2*$F$1. Hizo alama mbili za dola hazihusiani na pesa. Zinaiambia Excel kwamba formula ikishuka mstari wa pili, wa tatu, hadi wa arobaini, kiwango kisisogee, kibaki palepale kwenye F1. Bila alama hizo, bidhaa ya pili inakwenda kutafuta kiwango kwenye F2, mahali ambapo hamna kitu, na bei yoyote ukiizidisha kwa kitu ambacho hakipo unapata sifuri. Katika mji huu ambao kila mtu anauliza dola imeamka kwa ngapi, mimi nilishindwa kuona dola mbili zilizokuwa mbele ya macho yangu.

Nilimlaumu mwalimu usiku kucha. Baadaye nilielewa kwamba alifundisha vizuri, tena kila alichosema kilikuwa kweli. Alikuwa amekaa mbele ya kioo kikubwa na aliona kila kitu. Aliyesahau ni yule aliyeko upande wa pili, mwenye telefone iliyoegemezwa kwenye kopo.

Wanaotengeneza video za masomo wana dawa ya jambo hili, na wanaiita zumu: kusogeza picha karibu, ili sehemu ndogo ya kioo ijaze kioo kizima kwa sekunde chache, kisha picha irudi nyuma. Wengi wanaichukua kama urembo, kitu cha kuifanya video ionekane ya kitaalamu, sawa na muziki wa mwanzoni. Kwa anayejifunza programu kwenye telefone hapa kwetu, mambo ni mengine. Zumu ikikosekana pale inapohitajika, amesikiliza somo bure na mega zake zimekwenda.

Chukua rula upime

Ordinatere ya kubeba iliyo ya kawaida, ile ya inchi 15,6, kioo chake kina upana wa sentimeta 34 na nusu. Telefone ya inchi 6,5, ukiishika wima, upana wake ni karibu sentimeta 7. Maana yake, video iliyorekodiwa kwenye ordinatere hiyo inapungua mara 5 ukiitazama kwenye telefone iliyosimama. Ukiilaza telefone, inapungua karibu mara 3. Sasa tarakimu ya Excel, katika maandishi ya kawaida ya ukubwa wa 11, ina kimo cha milimita moja na nusu hivi kwenye ordinatere. Kwenye telefone iliyosimama inabaki kama theluthi moja ya milimita. Nani atasoma theluthi ya milimita saa mbili usiku, umeme wa SNEL umekwenda na mwanga uliopo ni wa kibatari?

Hayo ni ya macho tu. Bado mega.

Picha ya video imejengwa kwa vinukta vidogo vinavyoitwa pikseli. Kioo kizuri cha ordinatere kina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, na tarakimu ya Excel inapata pikseli 9 hivi za kimo. Lakini nani kati yetu anatazama video kwa ubora wa 1080? Mtu anayenunua mega kidogo kidogo anashusha ubora hadi 360, na mwezi ukikaribia kuisha anashusha hadi 240. Kwa ubora wa 360, kila kitu kinagawanywa kwa 3: tarakimu iliyokuwa na pikseli 9 inabaki na 3. Kwa pikseli 3 hakuna namna ya kuchora 8 itofautiane na 6. Kwa ubora wa 240 zinabaki 2. Na ukivuta picha kwa vidole viwili hupati kitu, kwa kuwa kilichopotea njiani hakimo tena ndani ya telefone yako. Unakuza ukungu.

Hesabu hiyo hiyo, ukiigeuza, ina habari njema. Mwalimu aliyerekodi kwa 1920 na 1080 akikuza picha mara 3, kipande anachoonyesha kina pikseli 640 kwa 360, yaani sawasawa na kile ambacho video ya ubora wa 360 inaweza kubeba. Yule maskini wa mega anaipata tarakimu na pikseli zake 9 zote, hakuna hata moja iliyoanguka njiani. Na mwalimu mwenye ordinatere ya mtumba, zile nyingi zenye pikseli 1366 kwa 768, akikuza mara 2 na ziada kidogo anafika palepale. Ndiyo maana ninasema zumu ni haki ya mwanafunzi. Inamrudishia alichopunguziwa kwa kukosa pesa.

Kiswahili cha mwalimu, Kifaransa cha mashini

Katika mji huu, kujua programu chache za ordinatere ni mlango wa kazi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2012 kodi ya TVA inatozwa katika nchi yetu, kwa asilimia 16. Mwaka huohuo Kongo iliingia katika OHADA, na vitabu vya hesabu vya kampuni vikapaswa kufuata mpango mmoja na wa nchi nyingine za Afrika zilizomo. Mwaka 2017 ikatoka sheria ya kazi za mikataba midogo, ile wanayoita sous-traitance, inayozipa nafasi hizo kampuni za Wakongomani. Kwa Haut-Katanga, ambako migodi inahitaji wapishi, madereva, mafundi na wasafishaji, kampuni ndogo inayotafuta mkataba lazima ilete makaratasi: orodha ya wafanyakazi, mishahara, fakture zenye TVA iliyopigwa sawa. Yote hayo yanapita kwenye ordinatere. Kijana aliyetoka UNILU au ISC akiitwa kwenye majaribio ya kazi, mara nyingi anawekwa mbele ya Excel, na diploma yake inangoja mezani.

Wengi wa vijana hao hawana ordinatere nyumbani. Wanajifunza kwenye telefone kwanza, kisha wanatafuta mashini ya kukopa, au wanalipa saa moja kwenye sekretaria, wakajaribu kwa haraka yale waliyoyaona. Saa moja iliyolipiwa haina nafasi ya kubahatisha.

Hapo ndipo kuna mtego ambao majirani zetu wa Dar es Salaam na Nairobi hawaujui. Video za Kiswahili nyingi zinatoka kwao, na Excel yao ni ya Kiingereza. Ya kwetu ni ya Kifaransa. Mwalimu anasema SUMIF, kwetu ni SOMME.SI. Anasema VLOOKUP, kwetu ni RECHERCHEV. Majina hayo angalau mtu anaweza kuyauliza. Ubaya uko kwenye alama ndogo. Kwao, ndani ya formula vitu vinatenganishwa kwa mkato, ile virgule. Kwetu vinatenganishwa kwa nukta na mkato, point-virgule, kwa sababu mkato kwetu tayari una kazi yake: unatenga sehemu ya desimali.

Matokeo yake? Mara nyingine Excel inakataa formula waziwazi, na hapo una bahati. Mara nyingine haikatai. Andika =SOMME(12;5) utapata 17. Andika =SOMME(12,5), kama ulivyodhani umeona kwenye video, Excel ya Kifaransa itakuletea 12,5 bila kulalamika, maana imesoma kumi na mbili na nusu. Hakuna alama nyekundu, hakuna onyo. Fakture inachapishwa, inakwenda kwa mteja, na kosa linasafiri nayo.

Tofauti ya alama hizo mbili ni kinukta kimoja juu ya mkato. Kwenye kioo cha mwalimu, kinukta hicho ni pikseli moja au mbili. Kwenye video ya ubora wa 360 ni chini ya pikseli moja, maana yake hakipo. Hata mwalimu angekuwa mzuri namna gani, hata lugha yake ingekuwa ya mama yako, sikio haliwezi kumaliza kazi hii. Kwa hiyo kijana wa Lubumbashi au wa Likasi anayetaka kufundisha wenzake kwa Kiswahili, na Excel ya Kifaransa mbele yake, ana soko ambalo hakuna mwingine anayelihudumia vizuri. Lakini akuze picha.

Namna mjeolojia anavyotumia lupu

Kukuza nako kuna adabu yake, na mfano hatuna haja ya kuutafuta mbali. Tazama mjeolojia wetu kazini. Shingoni ana lupu ndogo inayokuza mara 10. Akifika kwenye mwamba haanzi na lupu. Anasimama mbali kwanza, anautazama mwamba mzima: unaelekea wapi, tabaka lipi liko juu ya lipi. Kisha anavunja kipande, anakileta karibu na jicho, na mkono unatulia kabisa. Akimaliza anarudi nyuma tena, anaandika kwenye daftari kipande hicho kimetoka sehemu gani. Jiwe zuri lisilojulikana limetoka wapi halina faida kwake.

Video ya somo inataka mwendo huohuo. Mwanafunzi aone kwanza dirisha zima la programu, ajue yuko wapi. Kisha picha isogee kwenye formula, itulie, mwalimu aisome alama kwa alama: dola, F, dola, moja. Kisha picha irudi nyuma kabla mshale haujaenda mahali pengine. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuruka kutoka kipande kilichokuzwa hadi kingine kilichokuzwa, bila kurudi nyuma. Unaona kitufe kikubwa sana cha "Insertion", kinajaza kioo chote kama bango la barabarani, lakini kiko juu au chini, kushoto au kulia, hujui. Ukifika kwenye mashini ya sekretaria unaanza kuwinda kitufe, na saa uliyolipia inakwenda.

Kosa la pili ni kufukuza mshale. Kuna programu zinazoweka zumu zenyewe, kila unapobonyeza zinasogeza picha. Camtasia ya kampuni ya Marekani TechSmith, ambayo iko sokoni tangu 2002, ina chombo cha namna hiyo, na zipo nyingine mpya zaidi. Ni msaada kwa mwenye haraka, ila mashini haijui ni kubonyeza kupi kulikuwa na maana na kupi kulikuwa kwa kufunga dirisha tu. Ukiiacha ifanye yenyewe, picha inakwenda mbele na nyuma kama mtoto kwenye bembea. Kwa dakika 10 za somo, zumu 6 au 7 zilizochaguliwa zinatosha. Ikifika 40, mtazamaji anashika kichwa.

Na kushika kichwa si maneno ya mzaha. Mwaka 2013 Apple ilipotoa iOS 7, yenye picha zinazosogea mbele na nyuma kila unapofungua kitu, watu wengi walilalamika kwamba wanasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Apple ikalazimika kuweka kwenye mipangilio njia ya kuzima mwendo huo. Jicho linasema tunakwenda, sikio la ndani linasema tumekaa, na mwili unachanganyikiwa, kama abiria anayesoma gazeti kwenye basi la Kasumbalesa. Mtu mzima anayejifunza ordinatere kwa mara ya kwanza, tayari ana hofu ya mashini. Usimwongezee kizunguzungu.

Wataalamu wa elimu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1988 John Sweller, wa Australia, alieleza kwamba akili ya mtu anayejifunza kitu kipya inabeba mzigo mdogo kwa wakati mmoja, na kila kisichohitajika kinachoongezwa kinaangusha kinachohitajika. Richard Mayer wa California, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu kujifunza kwa picha na sauti, aliweka pamoja majaribio ya miaka mingi: mwanafunzi anaelewa zaidi akionyeshwa wapi pa kutazama, na anaelewa kidogo akirundikiwa mapambo. Zumu inaweza kuwa upande wowote kati ya hizo mbili. Inategemea mkono unaoishika.

Polepole inakula mega

Kuna jambo moja ambalo watengenezaji wa video hawaambiwi mara nyingi, na kwetu ni la pesa kabisa. Programu inayobana video haitumi picha nzima kila mara. Inatuma picha moja kamili, kisha inatuma kile kilichobadilika tu. Jedwali la Excel likitulia hakuna kilichobadilika, na video ya dakika nzima inaweza kupita kwa mega chache sana. Lakini zumu inayosogea polepole, kwa sekunde 5 au 6, ile inayopendeza kwenye filamu za historia za Ken Burns, inabadilisha kila pikseli kwa muda wote huo. Hapo mambo ni mawili: ama video inakula mega zaidi, ama, kwa kuwa ubora mdogo umewekewa mpaka, maandishi yanageuka uji mpaka picha itulie. Wakati mwalimu anadhani anakupeleka kwa upole kwenye formula, wewe unatazama uji.

Basi zumu ya somo iwe ya haraka na fupi: nusu sekunde, au sekunde moja, picha imefika. Hata kukata moja kwa moja, bila mwendo wowote, ni bora kuliko kuburuta. Kisha ikae. Ikae kwa muda wa mtu kusoma formula mara mbili kwa sauti, na kama ni ndefu mwalimu akae kimya kidogo ili mtazamaji asimamishe video na kunakili kwenye daftari. Ukimya wa sekunde 4 unaogopesha walimu wengi wa video. Kwa mwenye kalamu mkononi ni zawadi.

Njia nyingine haihitaji zumu kabisa, na ni ajabu kwamba wachache wanaitumia: kukuza kabla ya kurekodi. Kwenye Excel, shika Ctrl na uzungushe gurudumu la suri, jedwali linakua hadi asilimia 200, na Excel inaruhusu mpaka 400. Maandishi yanabaki makali, kwa kuwa ni programu yenyewe inayoyachora upya, si picha inayovutwa. Ila angalia: jedwali tu ndilo linalokua. Vitufe vya juu na ule mstari unaoonyesha formula vinabaki vidogo vilevile. Kwa hivyo vingine, ingia kwenye mipangilio ya Windows uongeze ukubwa wa vitu vyote hadi asilimia 150. Kinachobaki hapo ndicho kinachohitaji zumu, na utashangaa jinsi kinavyobaki kidogo.

Kwa vyombo, pesa si kizuizi. OBS Studio, ya kurekodi kioo, ni ya bure tangu ilipoanza mwaka 2012. Kdenlive na Shotcut, za kukata na kuunganisha video, nazo ni za bure na zinaweka zumu: unaweka alama pale picha inapoanza kusogea, alama nyingine pale inapofika, programu inajaza katikati. CapCut kwenye telefone inafanya vivyo hivyo, na najua vijana wengi wa hapa tayari wanaitumia kwa video za harusi na za kwaya. Chombo wanacho mkononi, kimekuwa kikivuta karibu uso wa bibi harusi. Wakivute kwenye formula.

Mwalimu anayefundisha ndani ya chumba, kwa projekta na wanafunzi 60, naye asisahauliwe. Yule aliyekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, hana tofauti na mwenye telefone. Katika shule ya msingi mwalimu alijua: aliandika kubwa ubaoni, akaweka fimbo chini ya neno. Siku hizi anaonyesha mshale mdogo ukutani na anauliza kama wote wanaona, na wote wanajibu ndiyo, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema hapana. Windows ina lupu yake ndani: shika kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha, ukuta mzima unakua, Windows na Esc, inafungwa. Ipo pia ZoomIt, programu ndogo ya bure ya Mark Russinovich inayotolewa na Microsoft. Unabonyeza Ctrl na 1, picha inakua na kusimama. Ctrl na 2, unachora duara jekundu juu yake kama kwa chaki. Kwenye klaviye zetu za Kifaransa, ile 1 ya mstari wa juu inabonyezwa bila Shift. Anayetaka kurekodi huku akitumia lupu za namna hii, ajaribu kwanza sekunde 10 atazame kilichorekodiwa, kwa maana si kila programu ya kurekodi inaona kile ambacho jicho linaona.

Na kabla ya kuiweka video hadharani kuna jaribio moja lisilogharimu kitu. Itume kwenye telefone yako mwenyewe, ile ya kawaida, ishike wima, shusha ubora hadi 360, mpe mtu asiyejua somo. Muulize alama iliyo baada ya F ni ipi. Usimsaidie.

Orodha ya mama mdogo niliimaliza siku ya tatu. Nilipata video nyingine, ya Kifaransa, ya mwalimu mwenye haraka ambaye maneno yake nusu sikuyashika. Lakini alipofika kwenye formula picha iliruka karibu, ikakaa, na zile dola mbili zikatokea kubwa kama vikombe. Nikabonyeza F4. Haikufanya kitu, kwa kuwa kwenye ordinatere ile ndogo F4 ilikuwa imepewa kazi nyingine, lazima ushike Fn kwanza, na hilo halikuwa kwenye video yoyote. Nikaandika dola zote mbili kwa mkono. Bei 40 zikatoka.

Nilichapisha orodha kwenye sekretaria ya jirani, nikampelekea. Mama mdogo akaishika, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena. Kisha akaniuliza, mwanangu, wateja watasoma maandishi haya wakiwa wamesimama wapi? Nikarudi sekretaria, nikabadilisha 11 kuwa 20.